Juu ya nini tunalipaka tena masomo?



Juma lililopita, mdogo wetu wa mwaka wa saba alituuliza sisi wakapita swali kwenye bomba ya maji: «Ba yaya, redio inasema bazungu banaletaka mamilioni ya dolari ya masomo. Sasa juu ya nini papa yangu analipaka tena?» Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana mwaka jana mwenzetu mmoja alirudishwa nyumbani juu ya minervali, mitihani ikiwa karibu, na mpaka leo hakurudia. Tujaribu basi kujibu.

Kwanza tujue kwamba masomo hayakuanguka juu ya vita peke yake. Mwaka wa 1974 serikali ya Zaire ilinyanganya makanisa mashule yao. Tarehe 26 Februari 1977 ikafanya mapatano nayo: makanisa yaongoze, serikali ilipe walimu. Lakini katika miaka ya 1990 mushahara wa mwalimu ulikuwa umekufa kabisa, na wazazi wakaanza kumulipa wao wenyewe ili kalasi zisifungwe. Ilikuwa dawa ya siku chache. Ikageuka desturi ya miaka zaidi ya makumi mawili.

Kisha vita ikaja, ile ya 1996 na ile ya 1998. Kwetu Katanga, mwezi wa Desemba 2000 Pweto ilianguka, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zambia. Fasi askari wanapita, deski inakuwa kuni.

Vita kubwa ilipomalizika kwa mapatano ya 2003, misaada ilianza kuingia. Kutoka 2007 HCR ilirudisha wakimbizi toka Zambia mpaka Pweto na Moba, na watoto wao walihitaji fasi ya kusomea. Mwaka ule ule Banki ya Dunia ilitoa dolari milioni 150 kwa kusimamisha tena masomo ya inchi. Hiyo ilikuwa zawadi, si deni.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa njo kuko shina la jambo. Msaada unapenda kazi yenye mwisho. Ukuta unajengwa mara moja, kitabu kinachapwa mara moja, mgeni anapiga picha na kurudi kwao. Lakini mwalimu anakula kila siku. Mushahara wake hauna mwisho, na mgeni hawezi kuubeba siku zote. Unapaswa kutoka katika kodi ya inchi yenyewe.

Tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Katiba ya 2006, kifungo cha 43, inasema masomo ya primere ni ya lazima na ni bure katika mashule ya serikali. Neno hilo lilingoja mpaka Septemba 2019 ndipo likafanyika. Watoto walijaa, hata wengine wakakaa chini. Na walimu waliopokea falanga toka kwa wazazi walitaka kujua nani atawalipa. Mwaka wa 2020 Banki ya Dunia ilikubali dolari milioni 800 kwa kusaidia kazi hiyo. Mara hii sehemu yake ni deni, ni sisi tutalilipa tukiwa wakubwa. Mwaka wa 2021, kule Kinshasa, wakubwa wawili wa mambo ya masomo walihukumiwa juu ya kula falanga ya walimu. Na kuko walimu wenye barua ya kazi mukononi ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara. Wanaitwa «nouvelles unités». Wanafundisha bila kulipwa.

Tena msaada unaweza kukatika. USAID ya Marekani, iliyosaidia kufundisha watoto wa inchi yetu kusoma, ilifungwa mwaka wa 2025. Aliyekutwika muzigo kichwani hatatembea nawe mpaka nyumbani.

Basi, mdogo wetu, jibu ni hili: ile bure ni ya primere. Sekondere haimo. Bei yetu inapangwa kila mwaka na gavana wa provensi, na papa yako analipa kwa sababu inchi haijaweza bado kubeba mwalimu wa sekondere peke yake. Papa hakudanganywa, na redio haikusema uongo.

Sisi tunaomaliza mwaka huu tunaweza nini? Nehemia alipewa miti na mfalme wa inchi nyingine, lakini ukuta ulijengwa na wenyeji, kila mtu mbele ya nyumba yake. Mbele ya nyumba yetu kuko vitabu: tumeona kando ya barabara vitabu vyenye kuandikwa «haviuzwi» vinauzwa. Tusivinunue, na vya hapa tusivipasue. Mwalimu akiingia kalasi na mushahara wake haujafika, tusimuongezee fujo. Na wale kati yetu watakaopata kesho kazi ya ofisi, yenye kalamu na orodha ya majina, wakumbuke yule mwenzetu ambaye kiti chake kingali wazi.

Wakapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho