MWIBA: MAANA, ASILI NA MATUMIZI YAKE KATIKA FASIHI

Neno mwiba huonekana rahisi, na ndiyo maana watahiniwa wengi hulipita bila kulichunguza. Katika tamthilia, riwaya na hadithi fupi, mwandishi anapolitumia, mara nyingi hazungumzii mmea. Msomaji asiyejua upana wa neno hili hupoteza maana ya sentensi nzima, na pengine ya mhusika mzima.

Maana za kimsingi
(a) Kijiti chenye ncha kali kinachoota kwenye mmea, kwa mfano mgunga, mlimau, mchongoma au mwaridi. Wanabayolojia hutofautisha aina zake. Mwiba wa mgunga hutokana na sehemu ya jani, wa mlimau hutokana na tawi, na wa mwaridi huota kwenye ngozi ya shina. Kiswahili huiita yote miiba kwa kuwa huangalia kazi yake: kudunga na kuulinda mmea.
(b) Mfupa mwembamba wa samaki. Mfano: Mtoto amekwamwa na mwiba kooni.
(c) Sindano ya mdudu kama nyuki au nge.
(d) Unywele mgumu wenye ncha wa nungunungu.

Kinachounganisha maana hizi ni ncha inayochoma. Hapo ndipo maana ya kitamathali huzaliwa.

Asili na umbo
Mwiba ni neno la Kibantu. Limo katika ngeli ya U-I: Mwiba umenidunga / Miiba imenidunga. Kiambishi mu- kilipokutana na mzizi -iba, irabu u iligeuka kuwa kiyeyusho w, tukapata mwiba. Utaratibu huohuo umetupa mwili na mwiko. Katika wingi, mi- na -iba huwa miiba, kama vile miili na miiko. Basi kuandika miba ni kosa.

Udogo wake ni kijiba. Waswahili husema mtu ana kijiba cha roho, yaani ana wivu au kinyongo. Mwiba mdogo umehama kutoka mguuni hadi rohoni: hauonekani, lakini unachoma kila mwenzake anapofanikiwa.

Matumizi katika fasihi
1. Istiari. Soma sentensi hii: Tangu Bi. Halima aulizie fedha za zahanati, amekuwa mwiba kwa chifu. Je, Bi. Halima ni mbaya? Hapa ndipo wengi hukosea. Huona neno mwiba wakaandika kwamba mhusika ni mkatili au mchokozi. Jiulize kwanza: ni mwiba kwa nani? Anayechomwa hapa ni chifu anayeficha ukweli. Kwa wanakijiji, Bi. Halima ni mtetezi wao. Sifa zake ni ujasiri na uwajibikaji. Mwiba huudhi mkono unaotaka kuchuma. Kwa mmea wenyewe ni ngao.

2. Tashbihi. Ukiona kiunganishi kama vile kama au mithili ya, hiyo ni tashbihi: Maneno yake yalinichoma kama mwiba. Usiiite istiari.

3. Methali. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Aliyejiletea madhara kwa hiari yake hapati huruma ya watu. Inakaribiana na Msiba wa kujitakia hauna kilio. Pia husemwa: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mchongoma una miiba mingi, hivyo anayejitosa katika jambo la hatari huona ugumu wakati wa kujitoa. Methali hizi humfaa mhusika aliyeonywa akapuuza, kisha akaangamia.

4. Ishara. Mwandishi akielezea njia iliyojaa miiba au ua la waridi lenye miiba, tafuta kinachowakilishwa: dhiki katika safari ya maisha, au uchungu uliofichwa ndani ya kitu kizuri kama penzi au mali.

Tanbihi
Usichanganye mwiba na mwizi. Mwizi hutokana na kitenzi iba na huingia katika ngeli ya A-WA. Mwiba hauna uhusiano wowote na wizi.

Zoezi
1. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili tofauti za neno mwiba.
2. Andika kwa wingi: Mwiba mrefu ulimchoma mchungaji.
3. Chagua mhusika mmoja katika kitabu teule unachosoma ambaye ni mwiba kwa mwenzake. Eleza nani anachomwa, kwa nini, na msomaji anapaswa kumwonea nani huruma.

Dokezo: Katika swali la 3, jibu lisilotaja anayechomwa halijakamilika. Taja tukio, kisha sifa inayodhihirika, kisha maudhui yanayojengwa.