Fam Ndani ya London: Lami Kwanza, Ikulu Baadaye

Msee akikushow ati London ni ya masonko pekee, muulize alianzia wapi. Lazima ni London Eye. Hiyo gurudumu iko moto, siwezi kataa: mita 135 kwenda juu, vibanda 32, na raundi moja ni nusu saa. Lakini ukiwa na mbogi ya fam, yaani buda, mathe, shosh, siz na mtoi wake, tiketi peke yake zitakumaliza kabla lanchi. Sisi tuliicheki kutoka chini, tukapiga mapicha, tukasare. Tena ukiwa ndani yake huioni, na si ndio hiyo kila mtu anataka kwa picha?

Form ya fam ni kupiga mguu, mkichoka mnadandia basi. Fea ilikuwa pauni 1.75 mwaka wa 2025, karibu soo tatu za kwetu, na ukishalipa unabadilisha mabasi vile unataka ndani ya saa moja. Watoi hawajafika miaka 11 wanabebwanga bure. Keshi walikataa tangu 2014, so unagusisha tu kadi, na hakuna konkodi wa kukuzungusha na chenji. Pandeni juu, mkae mbele kabisa. Mtoi anajiona dere, na mijengo yote inamkujia kwa dirisha. Namba 15 inatokea pande za Trafalgar Square, inapita St Paul's, inakushukisha Tower of London. Kuna watu wanalipa basi za watalii ganji mob waonyeshwe kuta hizo hizo.

Siku ni Jumapili. The Mall, ile barabara nyekundu ya kuelekea Buckingham Palace, inafungiwanga magari siku hiyo, so mnatembea katikati ya lami kama mmeinunua. Umati wote unakimbilianga geti ya ikulu kucheki majeshi wa kofia za manyoya wakibadilisha zamu. Ikigonga saa tano asubuhi hapo pamejaa, na mtu mfupi kama shosh anaona tu mabega. Sisi tuligeuka tukaangalia chini, kwa lami.

Manze, hapa ndio London Marathon inaishianga tangu 1994. Hapa ndio Kipchoge alikata utepe mara nne. Hapa ndio Kelvin Kiptum alitokea Aprili 2023 na 2:01:25, na hakuna msee alikuwa amewahi kuimaliza London mbio hivyo. Februari iliyofuata akatutoka, ajali ya gari. Miezi miwili baadaye Peres Jepchirchir akashuka hiyo hiyo barabara na 2:16:16, rekodi ya dunia wakati huo ya mbio za madem peke yao. Buda, mtu hajawahi kukimbilia hata mat, alivua koti akampea mathe, akatoka mbio mita kadhaa akiwa ameinua mikono. Watalii wawili watatu wakampigia makofi. Siz ana video, lakini buda amesema haiendi kwa grupu ya fam.

Ikulu yenyewe? Ni nyumba. Vyumba 775, geti kubwa, bendera. Lakini shosh ni wa Nyeri, na Kwini Elizabeth alipata kiti akiwa hoteli ya Treetops, huko huko Nyeri, Februari 1952, buda yake alipodedi usiku. Oktoba ya mwaka huo huo gava yake ikatangaza hali ya hatari, na watu kibao wa Nyeri wakaishia kambini. Shosh aliiangalia balkoni ya ikulu kitambo kidogo, hakubonga kitu, halafu akauliza choo iko wapi.

Lanchi tulimanga St James's Park, kando tu. Chapo za kubeba, kwa nyasi, juu vile viti vya kitambaa unaona hapo vinakodishwa. Kumbe hata kukaa kunaweza kuwa na fea. Kwa maji kuna mwari, na sio wa juzi: wa kwanza waliletwa 1664, zawadi ya balozi wa Urusi. Mathe akasema amewaona Nakuru wakiwa elfu, na bila balozi.

Mvua ikishika, na itashika, kimbieni Natural History Museum. Kuingia ni bure, na mifupa ya nyangumi ya mita 25 imening'inia juu ya kichwa chako. Big Ben sina haja ya kukueleza, mita 96 haziwezi jificha. Chenye nitakueleza ni daraja iliyo hapo mbele yake, Westminster Bridge. Kukiwa na wasee wamechuchumaa na vikombe vitatu na kampira, hiyo ni pata potea ile ile ya tao. Anayeshinda ni wa mbogi yao, anayeshangilia pia ni wao. Mtoi wa Nai akiliwa hapo, asirudi nyumbani akilia.

Malizieni Tower Bridge. Ni ya 1894, na bado inafungukanga kama mara 800 kwa mwaka kupitisha vyombo. Saa zinatangazwa mapema, so pangeni. Disemba 1952 Albert Gunter alikuwa anapeleka basi namba 78, abiria ndani, daraja ikaanza kupanda na yeye yuko juu yake. Badala ya breki, jamaa akakanyaga mafuta, basi ikaruka lile pengo ikatua ng'ambo. Hakuna aliyededi. Akapewa zawadi ya pauni 10.

Buda akasema huyo ni dere wa Ronga kabisa. Mathe akakataa, ati dere wa Ronga angebeba kwanza wa kusimama. Shosh alitaka kujua kitu moja tu: wale abiria walirudishiwa fea?