Wakajifunze kutua Ukambani, ila kwa masharti

Tarehe 5 Machi, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwanafunzi na mkufunzi wake walifariki. Ile ya abiria, iliyokuwa safarini kwenda Diani, ilirejea Wilson salama.

Rai yangu ni kwamba mazoezi ya kutua yahamishiwe viwanja vya Ithookwe, Kitui, na Makindu, Makueni, ambako anga haina msongamano. Hata hivyo, vijana wasiende kutupwa huko. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Adhuhuri, jua lichomapo, hewa huwa nyepesi, nayo ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko ingalivyokuwa Mombasa, ingawa kipimo mbele ya rubani chaonyesha kasi ile ile. Mgeni wa usukani akichelewa kuigusa ardhi, njia humwishia. Mbuzi naye (hana habari na ratiba za marubani) akikatiza, ndege hupinduka.

Basi pawe na ua, mlinzi na gari la zimamoto saa zote za mazoezi. Pasipo hayo, ni nani atakayemtoa kijana aliyenaswa kitini, mafuta yakivuja?