Uvimbe wa Mishipa ya Damu Kichwani: Usiuchanje, Usiutoboe



Si kila uvimbe wa kichwani ni jipu. Upo unaotokana na mishipa ya damu iliyokua isivyo kawaida chini ya ngozi. Ukichanjwa kwa wembe, kutobolewa au kuchomwa, damu inaweza kutoka nyingi hadi kuhatarisha maisha. Hauambukizi, si uchawi, wala si kosa la mama.

Utautambuaje?

• Kwa mtoto mchanga: alama nyekundu au ya rangi ya samawati hutokea wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, kisha huinuka. Hukua haraka miezi ya mwanzo, na mara nyingi huacha kukua kabla ya mwaka 1. Baadaye hunywea polepole kwa miaka kadhaa.

• Kwa kijana au mtu mzima: uvimbe ni laini, na ukiugusa unadunda kama mapigo ya moyo. Wengine huzaliwa nao, wengine huupata baada ya kuumia kichwa. Huu hauishi wenyewe. Unaweza kukua wakati wa kubalehe au ujauzito.

Jipu huuma na kutunga usaha ndani ya siku chache. Kama huna hakika, usibahatishe.

Kituo cha afya kitafanya nini?

Mhudumu atauliza uvimbe ulianza lini, ataupapasa na kuusikiliza. Ikibidi, utapewa rufaa ukapigwe ultrasaundi. Watoto wengi huhitaji kufuatiliwa tu. Uvimbe unaokua haraka, wenye kidonda au ulio karibu na jicho huweza kutibiwa kwa propranolol, dawa iliyogunduliwa mwaka 2008 kuwa inausaidia. Usiinunue sokoni! Inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo wa mtoto. Daktari humpima kwanza, na mtoto huinywa akiwa ameshanyonya au kula.

Uvimbe unaodunda hutibiwa katika hospitali kubwa, kwa upasuaji au kwa kuziba mishipa inayoulisha.

Nyumbani

Mwonyeshe kinyozi au msusi mahali penye uvimbe kabla hajaanza kazi. Usipake majivu wala dawa ya kuchoma.

Ukitoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kufunua. Ikiendelea, nenda kituoni mara moja huku ukikandamiza, hata kama ni usiku.