Bastola yenye kasoro: kuinunua dukani rahisi, kuirudisha kiwandani kazi

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Kiwanda cha magari kikigundua kuwa breki zilitoka na kasoro, mwenye gari hulipeleka kwa wakala wa karibu na mara nyingi jioni analo. Kiwanda cha bastola kikigundua kasoro, mwenye bastola huambiwa aifungashe na kuirudisha kiwandani kwa kifurushi. Matengenezo ni bure. Kinachomsumbua ni safari.

Habari hii inaihusu zaidi Marekani, nchi ambayo raia wengi wana silaha na viwanda hutoa matangazo ya kurudisha bidhaa mara kwa mara. Hata hivyo wasafirishaji na mawakala wa forodha wa ukanda wetu wana sababu ya kuifuatilia, kwa kuwa baadhi ya silaha zinazomilikiwa kwa leseni katika Afrika Mashariki zimetoka kwenye viwanda hivyohivyo, na tangazo la kiwanda likitoka halibagui silaha imefika nchi gani.

Mfano unaoeleweka kwa haraka ni wa Oktoba 2008. Kampuni ya Sturm, Ruger ilitangaza kuwa bastola zake ndogo aina ya LCP, ambazo zilikuwa zimeingia sokoni mwaka huohuo, zingeweza kufyatuka zenyewe zikianguka chini huku risasi ikiwa kwenye chemba. Zilizohusika ni zile ambazo namba zake zinaanza na 370. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2008, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeita bastola aina ya SR9 kwa tatizo la jamii hiyo. Wateja waliambiwa waache kuzitumia, wawasiliane na kiwanda, na wasubiri maelekezo ya namna ya kuzituma.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuna ofisi ya serikali ya Marekani iliyoamuru bastola hizo zirudi. Tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya nchi hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina uwezo wa kuamuru jiko, kitanda cha mtoto au toroli viondolewe sokoni, lakini silaha za moto ziliachwa nje ya mamlaka yake tangu mwanzo. Mwaka 1976 Bunge lilikaza tena katazo hilo. Kwa hiyo kiwanda chenyewe ndicho kinachoamua kama kitaita bidhaa, kwa jina gani, na nani atalipa nauli. Agosti 2017, kampuni ya Sig Sauer ilipokabiliwa na taarifa za bastola aina ya P320 kufyatuka zikianguka, haikutumia kabisa neno la kuita bidhaa. Ilisema ni maboresho ya hiari. Mteja bado alitakiwa kupeleka bastola yake kiwandani ili ipate maboresho hayo, lakini neno "hiari" lina uzito wake: asiyepeleka anabaki na bastola ileile, na hakuna anayemfuata nyumbani.

Milango mitatu, mmoja wazi

Tuje kwenye usafiri, ambako ndiko kwenye mgogoro. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu silaha kwa kawaida hairuhusu raia kumtumia silaha mtu wa jimbo lingine. Lakini iliacha nafasi kwa ajili ya matengenezo: mwenye silaha halali anaweza kuituma moja kwa moja kwa kiwanda au fundi mwenye leseni, na kiwanda kinaweza kumrudishia moja kwa moja mpaka mlangoni kwake bila kupitia dukani na bila kujaza upya fomu ya ununuzi. Hata kikiona bastola ile haitengenezeki, kinaruhusiwa kumpelekea nyingine ya aina ileile. Kwa upande wa sheria hii, mlango uko wazi.

Mlango wa pili ni posta. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia raia wa kawaida kutuma kwa posta ya serikali bastola na silaha nyingine zinazoweza kufichwa mwilini. Lengo lilikuwa kupunguza bastola zilizokuwa zikinunuliwa kwa barua. Bunduki ndefu hazikuguswa. Hizo raia aliweza kuendelea kuzituma posta kwa mwenye leseni. Ndiyo maana mwenye bunduki ya kuwindia na mwenye bastola, ingawa wote wameitwa na kiwanda kwa kosa la fundi, hawakuwa na safari moja. Katazo la 1927 limekuwa likibishaniwa, kwa hiyo anayetaka kutuma inafaa asome kanuni za posta za siku hiyo, asitegemee alichoambiwa na jirani.

Cha kushangaza ni kuwa sheria ile ya 1927 haikuzigusa kampuni binafsi za vifurushi. Biashara ilihamia huko. Kwa miaka mingi mwenye bastola mbovu aliingia kwenye ofisi ya UPS au FedEx, akaeleza alichobeba, akalipa. Kisha nazo zikaanza kubana. Mwaka 1999 UPS ilitangaza kuwa bastola zote zitasafiri kwa huduma ya kufika kesho yake tu, ambayo ni ya ndege na ni ghali kuliko ile ya barabara. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa bastola zikiwa njiani: mzigo ukilala muda mfupi ghalani, mikono inayoupitia inapungua. Msafirishaji yeyote wa Mombasa au Dar es Salaam anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Mwaka 2022 kampuni hizo mbili zilikwenda mbali zaidi, zikaacha kupokea silaha kutoka kwa raia wasio na leseni ya biashara ya silaha na wasio na mkataba nazo.

Ukiweka haya pamoja utaona kilichotokea. Sheria ya silaha inamruhusu mteja kurudisha bastola yake, posta ilifungwa kwake, na kampuni binafsi zikamfungia kwa kanuni zao za ndani ambazo hazipitishwi na Bunge lolote. Kwa mtazamo wa mwandishi, huu ni mfano mzuri wa jinsi sera ya msafirishaji inavyoweza kuwa na nguvu kuliko sheria yenyewe. Mchumi angesema gharama ya bidhaa iliharibika mara mbili: kwanza kiwandani, kisha njiani.

Boksi la kiwanda

Njia iliyobaki ni mbili. Moja ni kupitia duka la silaha lenye leseni, ambalo linaingiza bastola kwenye daftari lake, linaifungasha na kuituma kwa jina lake. Duka hutoza ada, na kiwanda si lazima kiilipe. Ya pili, ambayo ndiyo hutumika zaidi kwenye matangazo ya kurudisha, ni kiwanda kumpelekea mteja lebo iliyokwisha kulipiwa chini ya mkataba wake na msafirishaji, na mara nyingine pamoja na boksi. Lebo hiyo ndiyo pasipoti ya mzigo. Anayejitengenezea yake kwa kutumia akaunti binafsi, hata kama nia ni njema, anaweza kukataliwa kwenye kaunta au mzigo kukwama katikati ya njia.

Hata na lebo mkononi masharti hayaishi. Silaha lazima iwe tupu, chemba na magazini vikaguliwe. Risasi haziwekwi kwenye boksi hilo hata moja, kwa kuwa zenyewe ni mzigo wa hatari wenye kanuni zake. Darubini, taa na mkoba mteja hushauriwa abaki navyo. Boksi la nje liwe la kawaida, lisilo na maandishi ya kutangaza kilichomo. Sheria ya shirikisho inamkataza msafirishaji kumlazimisha mtumaji abandike nje alama ya kuonyesha kuwa ndani mna silaha. Wakati wa kurudi, anayepokea lazima atie saini, na hilo lina maana kwamba mtu anayeshinda kazini anapaswa kubaki nyumbani siku hiyo au kufuata kifurushi kituoni.

Kisha kuna kusubiri. Kiwanda kinapoita maelfu ya bastola kwa mara moja, foleni inakuwa ya wiki au miezi. Kwa aliyenunua bastola ya kulinda duka lake usiku, hicho ni kipindi ambacho hana kitu. Wengine hupima wenyewe: hatari ya bastola kuanguka na kufyatuka, au hatari ya kukaa bila bastola? Wengi huamua kutotuma. Na bastola ikibadilishwa kwa nyingine, namba inabadilika, hivyo katika majimbo yanayosajili bastola kwa namba mwenyewe anapaswa kurekebisha kibali chake kabla hajaitumia. Boksi limefika, lakini makaratasi bado.

Kiwanda chenyewe kikianguka

Suala la watu kutorudisha lilionekana wazi kwa bunduki za Remington. Aprili 2014 kampuni hiyo iliita bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye triga aina ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya Mei 1, 2006 na Aprili 9, 2014, kwa kuwa zingeweza kufyatuka bila triga kuvutwa. Gharama za kutuma zilikuwa za kampuni. Wakati huohuo, kesi kubwa kuhusu triga za Remington ilikuwa ikiendelea huko Missouri, na makubaliano yake yaligusa takriban bunduki milioni 7.5. Mwaka 2015 jaji alisita kuyapitisha kwa sababu madai yaliyokuwa yamewasilishwa yalikuwa maelfu machache tu, akataka wenye bunduki watafutwe kwa njia bora zaidi. Makubaliano yaliidhinishwa mwaka 2017.

Mwaka uliofuata Remington, kampuni iliyoanza mwaka 1816, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 2020 iliomba tena, na safari hiyo mali zake ziligawanywa na kuuzwa kwa wanunuzi mbalimbali. Mwenye bunduki aliyekuwa akijiambia atatuma mwaka ujao alikuta anwani ya kiwanda imebadilika mikono. Ahadi ya matengenezo ya bure ni deni la kampuni, na deni la kampuni iliyofilisika hulipwa kwa mpangilio wa mahakama.

Ukiwa upande huu wa bahari

Sasa, mfanyabiashara mwenye leseni mjini Arusha au Eldoret anayesoma kwenye mtandao kuwa bastola yake imeitwa afanye nini? Kwanza ajue kuwa lebo ya bure ya kiwanda imetengenezwa kwa mteja wa Marekani. Haivuki bahari. Kuitoa silaha Tanzania au Kenya ni usafirishaji wa silaha nje ya nchi, unaohitaji idhini ya mamlaka za nchi husika: Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, ambako Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayosimamia. Upande wa pili, Marekani nayo ina masharti yake ya silaha kuingia kwa muda na kutoka tena. Kuanzia Machi 2020 leseni za kusafirisha nje bastola na bunduki za kawaida za kiraia zinashughulikiwa na wizara yake ya biashara, badala ya wizara ya mambo ya nje iliyokuwa ikifanya kazi hiyo hapo awali.

Na silaha ikirudi, inaingia upya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya forodha kwenye kundi la bidhaa zenye masharti. Hata iwe ni mali yako uliyoitoa mwezi uliopita, bila kibali haipiti.

Hapa ndipo mawakala wa forodha wanapaswa kuwa macho. Kwa kuwa kutuma bastola nzima ni kazi kubwa, baadhi ya wenye silaha hufikiri ni rahisi kuomba kiwanda kitume kipuri tu, triga au springi, na fundi wa hapa akaifunga. Lakini vipuri vya silaha navyo viko Sura ya 93, kichwa 9305. Kifurushi kidogo kinachoingia uwanja wa ndege kimeandikwa "vipuri vya mashine" huku ndani mna triga ya bastola ni tamko la uongo, na anayeulizwa kwanza ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati: mpokeaji, na wakala aliyejaza. Dereva wa basi au lori anayepewa bahasha "ndogo tu" ampelekee fundi ng'ambo ya Namanga au Malaba yuko kwenye hatari hiyohiyo, tena bila hati yoyote ya kumtetea. Nchi za ukanda huu, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo inazitaka zidhibiti pia uingizaji, utoaji na upitishaji wake.

Mwenye bastola iliyotangazwa aanze kwa kuiacha tupu na kulinganisha namba yake na zile za kiwanda. Akikuta imo, aende kwa muuzaji mwenye leseni aliyemuuzia, ambaye ndiye mwenye njia halali ya kuwasiliana na kiwanda na kuomba vibali vya pande zote mbili, na aiarifu ofisi iliyompa leseni kabla silaha haijatoka mikononi mwake. Akabidhiwe hati yenye namba ya silaha na tarehe. Nauli ya kwenda na kurudi aijadili mapema, kwa maandishi, kwa sababu tangazo la kiwanda linapozungumzia gharama kulipwa na kampuni, mara nyingi linazungumzia gharama za ndani ya Marekani.