Watoto 5,192 Waliopotezana na Wazazi Wao

Kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Huko New Orleans kuta za kuzuia maji, ambazo zilijengwa na wahandisi wa jeshi la serikali, zilibomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Kimbunga hakizuiliki, hilo tunalikubali. Hatukubali jinsi serikali ilivyowatendea watu baada ya hapo.

Amri ya kuhama ilitolewa Jumapili, siku moja tu kabla. Wenye magari waliondoka. Lakini wakazi wapatao 100,000 hawakuwa na gari. Mama mwenye mtoto mgongoni na mama mkwe asiyeweza kutembea, angekwenda wapi? Aliambiwa akimbilie uwanja wa michezo wa Superdome. Umeme ukakatika, vyoo vikafurika. Maelfu wengine walijazana katika jumba la mikutano bila chakula wala maji. Mnamo Septemba 1, Michael Brown, mkuu wa FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu, alisema kuwa serikali kuu ilikuwa imepata habari za watu hao siku hiyo hiyo. Ajabu, maana televisheni zilikuwa zimekwisha kuwaonyesha! Kesho yake Rais Bush alimsifu Brown hadharani kwa kazi nzuri. Siku kumi baadaye Brown alijiuzulu.

Linalotuuma zaidi sisi wazazi ni habari ya watoto. Baadhi ya waokoaji wenye helikopta waliwachukua watoto kwanza, wazazi wakabaki wakingoja zamu yao. Kisha mabasi na ndege ziliwapeleka watu katika majimbo mbalimbali, na hapakuwa na orodha moja ya kuonyesha nani amepelekwa wapi. Je, ni kazi kubwa hivyo kuandika jina la mtoto na la mama yake kabla basi halijaondoka? Watoto wadogo hata majina kamili ya wazazi wao hawayajui. Kwao mama ni "mama" basi.

Watoto 5,192 waliripotiwa kupotea au kutengana na jamaa zao. Wa mwisho alirudishwa kwa familia yake Machi 2006, zaidi ya miezi sita baada ya kimbunga. Oktoba mwaka huo ndipo ilipotiwa saini sheria ya kuitaka FEMA iwe na kituo cha kutafuta watoto waliopotea wakati wa maafa.