Bamba la Kinga Chini ya Gari: Chuma, Alumini au Plastiki?

Mwenye gari dogo la njia mbovu, kama vile Suzuki Jimny, hununua bamba la kinga ili jiwe lisije likatoboa bakuli la oili. Hofu hiyo ina msingi. Oili ikimwagika na injini ikaendelea kuzunguka, vyuma vyake husagana bila kilainishi, na injini nzima huweza kukwama katika muda mfupi. Hata hivyo, si kila bati lililopakwa rangi nyeusi linafaa kuitwa kinga. Hapa tunaeleza sifa za malighafi tatu zinazotumika, na namna mnunuzi anavyoweza kuhakikisha kwamba alichopewa ndicho alicholipia.

Chuma

Chuma ndicho kinachostahimili zaidi mawe makali: huteleza juu ya jiwe badala ya kuchimbwa nalo. Kikipinda, fundi yeyote mwenye nyundo na mashine ya kuchomelea hukirekebisha. Kasoro zake ni kutu na uzito. Bamba la nusu mita ya mraba lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 12 hivi. Mwenye gari akiongeza mabamba mengine ya gia boksi na tangi la mafuta, gari lenye takribani kilo 1,100 huelemewa: springi za mbele hushuka, na ule uwazi kati ya gari na ardhi hupungua. Hapo kinga yenyewe hulisogeza gari karibu na jiwe.

Alumini

Uzito wa alumini ni kama theluthi ya uzito wa chuma. Lakini kwa unene uleule, alumini hupinda kwa wepesi mara tatu hivi zaidi. Kwa hiyo alumini ya milimita 3 haiwezi kuwa badala ya chuma cha milimita 3. Ikiwa na milimita 6, bamba la nusu mita ya mraba hufikia kilo 8 tu, na hupinda kwa shida kuliko lile la chuma. Ubaya wake ni ulaini: jiwe kali huichimba na kuinasa. Kuichomelea kunahitaji fundi na vifaa maalumu. Aidha, kwa wakazi wa pwani, maji ya chumvi huila alumini pale inapogusana na bolti za chuma. Yafaa washa za plastiki na grisi ziwekwe katikati.

Plastiki

Polietilini ngumu na nene ni nyepesi, haishiki kutu, na huteleza vizuri juu ya mwamba. Adui yake ni joto. Hulainika na kuyeyuka kabla ya kufika nyuzi 150, ilhali sehemu za bomba la moshi hufikia mamia ya nyuzi. Pia hunyumbuka, hivyo huhitaji nafasi ya kutosha kati yake na bakuli la oili. Isichanganywe na kile kifuniko chembamba cha plastiki kinachokuja na magari mengi kutoka kiwandani: hicho huzuia matope na maji, si mawe.

Chagueni kwa kuangalia njia

Kwa anayepita milima yenye mawe, kama ile ya Usambara, tunashauri chuma chini ya injini. Kwa barabara za changarawe na udongo mweusi wa mbuga, alumini nene inatosha. Kwa asiyetoka mjini, yamkini hakuna haja ya kununua chochote.

Kabla ya kulipa

Kwanza, takeni aina ya malighafi na unene wake viandikwe kwenye risiti.

Pili, tumieni sumaku: hunasa chuma cha kawaida, lakini hainasi alumini.

Tatu, pimeni uzito. Mita moja ya mraba ya chuma yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85, ya alumini ina kilo 2.7. Zidisheni eneo kwa unene, kisha kwa namba hiyo. Bamba la chuma la sentimita 70 kwa 70 linalosemwa kuwa na milimita 3 linapaswa kukaribia kilo 11.5. Matundu yake hupunguza uzito kidogo tu. Mizani ikionyesha kilo 8, basi hilo ni la milimita 2.

Nne, kagueni ufungaji. Bamba lifungwe kwenye chasisi, lisiguse bakuli la oili, liwe na tundu la kumwagia oili na nafasi za kupitisha hewa. Baada ya safari ya porini, ondoeni nyasi kavu zilizonasa juu yake, maana zikigusa bomba la moshi huweza kuwaka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Bamba lisilolingana na maelezo yaliyotolewa ni sababu halali ya kulalamika, na risiti yenye maelezo kamili ndiyo ushahidi wa kwanza. Msiondoke dukani bila hiyo.